Space Cadet, Pinball FX au Visual Pinball: ulinganisho kwa mchezaji wa Mombasa

Pinboli, yaani mchezo wa kuirusha gololi ya chuma juu ya meza iliyoinamishwa na kuizuia isitumbukie chini kwa vibao viwili viitwavyo flipa, ulitufikia wengi wetu wa Mombasa kupitia skrini kabla ya mashine yenyewe. Waliopita katika saiba za mjini enzi za Windows XP wanaikumbuka ile meza ya buluu yenye mambo ya angani, iliyochezwa huku ukurasa wa intaneti ukijifungua kwa madaha. Tangu hapo pinboli ya kompyuta imekua na kugawanyika njia mbalimbali, na anayetaka kuanza au kuirudia leo anakuta michezo inayofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa tabia. Ulinganisho huu unaitazama mitatu ambayo naiona inastahili kufikiriwa na mtu mwenye kompyuta yake: Space Cadet iliyokuja na Windows, Pinball FX ya kampuni ya Zen Studios ya Hungaria, na Visual Pinball, ambayo ni kazi ya watu wanaojitolea.

Huenda mtu akauliza kwa nini asitafute mashine halisi. Mashine ya pinboli ina uzito unaozidi kilo 100, ndani yake mna swichi, taa, nyaya na sumaku za umeme zinazohitaji fundi anayezielewa, na hewa ya pwani yenye chumvi haina huruma kwa chuma wala kwa viungio vya shaba. Ukijumlisha nauli ya meli, ushuru wa bandarini na bei ya mashine yenyewe, mazungumzo huishia hapo kwa watu wengi.

Nimeipima michezo hii kwa mambo mawili kuliko mengine: namna gololi inavyotenda, na nani anayebaki na ufunguo wa meza baada ya wewe kuilipia. Michoro, sauti na wingi wa meza ndivyo vinavyovutia kwenye matangazo, lakini havimsaidii mchezaji ambaye gololi yake inateleza kama sabuni, wala yule ambaye meza aliyoipenda imeondolewa dukani.

Kinachoigwa

Kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mwaka 1947 mashine iitwayo Humpty Dumpty, ya kwanza kuwa na flipa zinazoendeshwa kwa umeme. Kabla ya hapo, gololi ikisharushwa, mchezaji hakuwa na la kufanya ila kuitikisa mashine na kuomba Mungu, na ndiyo maana miji kadhaa ya Marekani iliuhesabu mchezo huu kuwa kamari. New York iliupiga marufuku tangu miaka ya 1940 hadi mwaka 1976, ambapo Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba gololi huenda inakoelekezwa na mkono uliozoea. Nalitaja hili kwa sababu hoja ya Sharpe ndiyo mtihani wa kila pinboli ya kompyuta: je, gololi inaelekezeka, au inakwenda itakako?

Vipimo vyenyewe vinajulikana. Meza ya mashine ya kisasa huinamishwa takribani nyuzi 6.5, na gololi ni ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Kila programu ya pinboli, iwe ya bure au ya kulipia, inajaribu kuhesabu namna kitu hicho kizito kinavyobingirika, kinavyozunguka na kinavyogonga mpira laini uliovishwa pembezoni.

Majaribio ya awali yalifanywa kwenye kompyuta ambazo leo zingeshindwa na saa ya mkononi. Bill Budge wa Marekani alitoa Raster Blaster kwa Apple II mwaka 1981, kisha mwaka 1983 akaja na Pinball Construction Set, ambayo haikuwa meza moja bali karakana: mtu aliokota bampa (vigingi vinavyoirusha gololi inapovigusa), flipa na kuta kwa mkono unaoonekana kwenye skrini, akazipanga apendavyo, akacheza alichokijenga. Wazo hilo la karakana ndilo lililozaa baadaye, kwa njia ndefu, Visual Pinball. Upande wa Ulaya, vijana wa Sweden waliojiita Digital Illusions walitoa Pinball Dreams kwa kompyuta ya Amiga mwaka 1992, ikiwa na meza nne na skrini inayopanda na kushuka ikiifuata gololi, na kwa mara ya kwanza wachezaji wengi wa nyumbani wakahisi kwamba gololi ina uzito. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kutengeneza michezo ya vita ya Battlefield. Gololi ilikuwa shule yao ya kwanza.

Gololi

Hapa ndipo tofauti ya michezo hii mitatu ilipo, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Kompyuta haioni mwendo, inahesabu vituo. Kila baada ya muda mfupi inauliza gololi iko wapi, inaelekea wapi na imegusa nini, kisha inaisogeza hatua moja. Tuchukue gololi inayokwenda mita 3 kwa sekunde. Programu ikihesabu mara 60 kwa sekunde, gololi hiyo itaruka sentimita 5 kati ya hesabu moja na nyingine, karibu mara mbili ya upana wake wenyewe, na ukuta mwembamba ulio katikati ya vituo hivyo viwili unaweza usionekane kabisa. Dawa ni mbili: kuongeza idadi ya hesabu kwa sekunde, au kuikokotoa njia nzima baina ya vituo na kutafuta mahali ambapo gololi itagusana na kitu. Programu isiyofanya lolote kati ya hayo itampa mchezaji gololi inayopenya kuta.

Space Cadet inazo hadithi mbili zinazohusu jambo hili, zote zilizosimuliwa na Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft. Ya kwanza ni kwamba mchezo ulikuwa umeachwa uchore picha kwa kasi yote ambayo kompyuta inaweza kutoa, jambo lisilo na madhara kwenye mashine dhaifu za mwaka 1995, lakini kadiri kompyuta zilivyopata nguvu ndivyo mchezo mdogo wa gololi ulivyokuwa ukila kichakataji kizima. Akauwekea kikomo cha picha 100 kwa sekunde na tatizo likaisha. Ya pili ni ile inayoeleza kwa nini mchezo haukuja na Windows Vista. Kwa maelezo yake, walipojaribu kuuhamishia kwenye Windows ya biti 64, gololi ilianza kupita ndani ya vitu kana kwamba havipo, na msimbo ulikuwa umeandikwa miaka mingi nyuma na kampuni nyingine, bila maelezo ya kutosha, wakashindwa kulipata kosa lilipo na wakauacha.

Gololi ya Space Cadet, inapotenda kama ilivyokusudiwa, ni ya kuaminika lakini nyepesi. Jina lake rasmi lilisema ni pinboli ya pande tatu, ilhali picha ya meza imechorwa tayari kutoka pembe moja na gololi inasogezwa juu yake. Unaweza kuikamata kwa flipa iliyoinuliwa, ukaituliza, ukalenga. Usichoweza kufanya vizuri ni zile mbinu ndogo za wachezaji wa mashine, kwa mfano kuiacha gololi igonge flipa iliyolala ili idunde kwa upole hadi flipa ya pili, kwani gololi yake haidundi kama ile ya mashine.

Pinball FX ina gololi mbili, ukipenda kusema hivyo. Meza zilizobuniwa na Zen wenyewe tangu mwaka 2007, mchezo ulipotoka mara ya kwanza kwenye Xbox 360, zimezoesha wachezaji gololi inayoelea kidogo, flipa zenye nguvu nyingi na njia za kupanda ambazo hukubali hata pigo lisilolengwa sawasawa. Ni raha kwa anayeanza, na kwa mtu aliyezoea mashine ni kama chai iliyotiwa sukari mara mbili. Zen walilijua hilo. Walipopata leseni ya mashine za kale za Williams na Bally, majina makubwa ya pinboli ya Marekani, mwaka 2018, waliziweka katika toleo lililotangulia, Pinball FX3, zikiwa na mipangilio miwili ya fizikia, mmoja wa kawaida yao na mwingine mkali zaidi unaoikaribia mashine yenyewe, na mwenye kuchagua ule mkali alikutana na gololi inayoadhibu uzembe. Pinball FX mpya, iliyotoka kamili mwaka 2023 juu ya injini ya Unreal (programu ya msingi inayojengewa michezo), imeendelea na njia hiyo ya kuitafuta gololi nzito zaidi.

Visual Pinball, iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000, huhesabu fizikia yake mara 1000 kwa sekunde bila kujali skrini inachora picha ngapi, kwa hiyo gololi yetu ya mita 3 kwa sekunde husogea milimita 3 tu kwa kila hatua. Mtengenezaji wa meza anaweza kupanga msuguano, unyumbukaji wa kila mpira, nguvu ya flipa na hata namna flipa inavyorudi mahali pake. Matokeo yake, kwenye meza iliyotengenezwa na mtu makini, ni gololi bora kuliko zote nilizozitaja. Ile mbinu ya mdundo wa upole inafanya kazi, na kuisukuma mashine kwa wakati wake kunaiokoa gololi iliyokuwa inakwenda kuzama. Lakini neno makini lina uzito hapo. Kwa kuwa kila meza ina mtengenezaji wake, utakuta moja inayocheza kama mashine iliyotoka Chicago jana na nyingine ambayo gololi yake inaganda juu ya flipa bila sababu. Zen hawatakupa meza mbovu namna hiyo.

Neno moja kuhusu kutikisa. Katika mashine halisi kuna timazi linaloning'inia ndani ya pete ya chuma. Ukiitikisa mashine kupita kiasi, timazi hugusa pete, flipa hukatwa umeme na gololi inapotea. Michezo yote mitatu inaiga adhabu hiyo. Katika Space Cadet hutumika vitufe vitatu, kwa kulia, kushoto na juu, na wachezaji wengi wa saiba hawakuwahi kujua kwamba vipo. Visual Pinball imekwenda mbali zaidi, kwani inakubali kuunganishwa na kifaa kidogo kinachopima mtikiso, ukaisukuma meza yako ya mbao kwa kiganja na gololi ikaitikia.

Meza na kanuni zake

Space Cadet ni meza moja tu. Ilitolewa mwaka 1995 ndani ya mchezo uitwao Full Tilt! Pinball, uliotengenezwa na Cinematronics na kuchapishwa na Maxis, kampuni ya SimCity, na mchezo huo ulikuwa na meza nyingine mbili, Skulduggery na Dragon's Keep. Microsoft walichukua hiyo moja, wakaiweka kwanza katika nyongeza ya Windows 95, kisha katika Windows NT 4.0, 2000, Me na XP. Toleo la Windows lilipunguzwa: picha yake ni ya nukta 640 kwa 480 pekee, na hali ya gololi nyingi kwa wakati mmoja iliyokuwamo katika Full Tilt haimo. Pamoja na hayo, kanuni zake ni nzuri kuliko sifa zake. Unachagua kazi kwa kupiga shabaha, unaikubali kwa kuipandisha gololi kwenye njia ya kurushia, unaitekeleza, na taa za cheo chako zinaongezeka hadi unapanda katika ngazi tisa, kutoka kadeti hadi amiri wa kundi zima la merikebu za angani. Wengi waliucheza kwa miaka wakigonga bampa tu, wasijue kwamba meza ilikuwa ikiwapa kazi ya kufanya. Watu hadi wanne wanaweza kucheza kwa zamu. Na kwa mdadisi: ukianza mchezo ukaandika maneno hidden test, utaweza kuiburura gololi kwa kipanya, waandishi wake walisahau, au walipenda kuuacha mlango wa nyuma wazi.

Pinball FX ina zaidi ya meza 100. Nyingine ni za mashujaa wa Marvel, nyingine za Star Wars, nyingine ni mashine za kihistoria za Williams na Bally zilizochorwa upya. Tofauti kati ya makundi haya si ya mapambo tu. Meza iliyobuniwa kwa kompyuta pekee haina haja ya kuheshimu chuma: mhusika anaweza kutembea juu ya meza, gololi ikabadilika, ukuta ukayeyuka. Mashine halisi ililazimika kutimiza ajabu yake kwa sumaku na mota. Chukua The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor na kutolewa na Bally mwaka 1992, ambayo kwa mauzo ya mashine 20,270 ndiyo iliyouzwa zaidi tangu mashine za pinboli zianze kuendeshwa kwa kompyuta. Chini ya meza yake mna sumaku zinazowaka kwa muda na kuivuruga gololi inapopita katikati, na kuna mkono unaotoka ndani ya sanduku kuinyakua gololi na kuipeleka mafichoni. Kila kitu hapo kilibidi kifanye kazi kwa nguvu ya umeme mbele ya macho yako, na mipaka hiyo ndiyo iliyomlazimisha mbunifu kupanga njia za gololi kwa ustadi. Ndiyo maana nawashauri wanaonunua Pinball FX waanzie kwenye meza za Williams na Bally hata kama majina ya mashujaa yanawaita. Zen huongeza vinyago vinavyotembea juu ya meza hizo za kale. Vinaweza kuzimwa, na mimi ningevizima.

Visual Pinball ni karakana tupu. Unaipakua bure, na ndani yake mna kihariri cha kujengea meza na mahali pa kuandika kanuni. Meza zenyewe unazitafuta kwa watu waliozitengeneza. Kinachoipa nguvu ya pekee ni programu mwenza iitwayo PinMAME, ambayo haiigi kanuni za mashine bali inaigiza kompyuta iliyokuwa ndani yake. Mashine za Williams za miaka ya 1990 ziliendeshwa na kichakataji cha Motorola 6809 cha megahezi 2, na kanuni zote, sauti, na picha za ile skrini ya nukta 128 kwa 32 ziliandikwa kwenye chipu za kumbukumbu. PinMAME inasoma nakala ya yaliyomo katika chipu hizo na kuyaendesha kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yake yote. Visual Pinball inaiambia gololi imegonga swichi ipi, na programu ya mwaka 1992 inajibu kama iliyolala ukumbini Marekani ikaamkia Kisauni. Jambo la kuzingatia ni kwamba haki za yaliyomo katika chipu hizo bado zina wenyewe, na mtumiaji anapaswa kujua anachukua nini na kutoka wapi. Zipo pia meza za asili zilizobuniwa na watu waliojitolea, ambazo hazihitaji nakala hizo.

Ufunguo wa meza

Mwaka 2012 kampuni ya FarSight Studios ya Marekani ilitoa The Pinball Arcade, mkusanyiko wa mashine halisi zilizoigwa kwa uangalifu. Leseni za baadhi ya meza zilikuwa ghali mno kwao, wakawachangisha wachezaji wenyewe mtandaoni, na The Addams Family ni mojawapo ya zilizopatikana kwa njia hiyo. Kisha leseni ya Williams na Bally ikaisha bila kuongezwa, na tarehe 30 Juni 2018 ikawa siku ya mwisho ya kuuza meza hizo. Waliokuwa wamenunua waliendelea kuzicheza. Waliochelewa walikuta mlango umefungwa. Miezi michache baadaye meza za Williams zikajitokeza kwa Zen, na The Addams Family ikarudi sokoni mwaka 2023 ndani ya Pinball FX, ikiuzwa upya.

Kisa hiki kinatosha kueleza kwamba unaponunua meza ya kidijitali yenye jina la kampuni, filamu au shujaa fulani, unanunua kibali ambacho kimefungwa kwenye mkataba kati ya watu wengine. Zen nao wana historia yao. Waliokuwa na meza za toleo la zamani, Pinball FX2, waliweza kuzihamishia nyingi katika FX3 bila malipo, lakini injini ilipobadilishwa kwa ajili ya Pinball FX mpya, meza za FX3 hazikuhama kwa njia hiyo, na wenye maktaba kubwa walitakiwa kulipa tena kama walitaka kuzicheza katika mchezo mpya. Sababu ya kiufundi ipo, kwa kuwa kila meza ilibidi ijengwe upya. Hata hivyo, mtu anayefikiria kununua meza arobaini kwa mkupuo afikirie tena. Nunua mbili, zicheze mpaka uzijue, ndipo uongeze.

Kwa upande huu Visual Pinball inashinda bila ushindani, kwani msimbo wake uko wazi na faili ya meza iliyo kwenye diski yako haimtegemei mtu. Space Cadet ina hali ya katikati ambayo si ya kawaida. Microsoft waliiacha, lakini mwaka 2021 msimbo wake ulichapishwa baada ya kuandikwa upya kwa kuuchambua mchezo wenyewe, na kutokana na kazi hiyo sasa unachezeka kwenye Linux na vifaa vingine ambavyo waandishi wake hawakuviota. Msimbo huo hauji na picha wala sauti; hizo unazitoa katika nakala yako ya zamani ya Windows XP. Aliyenazo anaweza hata kunakili folda nzima ya mchezo na kuifungua katika Windows ya leo, nayo ikafanya kazi. Jihadharini tu na nakala zilizofungashwa upya na watu wasiojulikana, kwani mchezo wa megabaiti chache ni mahali pazuri pa kuficha virusi.

Kompyuta, bando na pesa

Hapa sitakawia. Space Cadet inaendeshwa na laptopu yoyote inayowaka. Ukubwa wake hauligusi bando, haihitaji intaneti baada ya hapo, na laptopu ya betri nzuri itaendelea nayo stima ikipotea.

Pinball FX yenyewe hupakuliwa bure kwenye duka la mtandaoni la Steam, duka la Epic, PlayStation, Xbox na Switch, na meza hununuliwa moja moja au kwa mafungu. Faili zake ni gigabaiti nyingi na masasisho hayaishi, kwa hiyo anayetumia bando la simu ataumia. Huu ni mchezo wa mtu mwenye intaneti ya nyumbani au rafiki mwenye nayo. Unahitaji pia kadi ya michoro inayostahili jina hilo, kwa sababu injini ya Unreal haina msamaha kwa laptopu za ofisini. Kuhusu malipo, bei ya Steam hutajwa kwa dola, na mwenye M-Pesa anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya GlobalPay, akikumbuka kwamba bei ya kubadilisha fedha nayo ina sehemu yake.

Visual Pinball ni ya bure kwa pesa na ghali kwa muda. Meza moja huweza kufikia megabaiti mamia. Kuiweka kunataka kusoma maelekezo, kuweka faili katika folda zinazotakiwa, kusajili PinMAME, kupanga pembe ya kutazamia, kisha kugundua kwamba sauti haitoki. Mtu asiyependa kuchokonoa kompyuta asijitese. Lakini anayependa, hasa kijana anayesomea programu, atajifunza mengi kwa kufungua meza ya mtu mwingine na kusoma jinsi kanuni zake zilivyoandikwa.

Wapo wanaokwenda hatua moja zaidi na kuiweka televisheni kwa kulala ndani ya sanduku la mbao lenye vitufe ubavuni, kwa umbo la mashine halisi. Visual Pinball imezoea matumizi hayo tangu zamani, na Pinball FX nayo ina mpangilio wa sanduku. Mafundi seremala wanaotengeneza makabati na meza za kulia hapa mjini hawatashindwa na sanduku hilo wakipewa vipimo. Kazi itakuwa kwenye umeme wa ndani na kwenye kuchagua televisheni isiyochelewesha picha. Kuchelewa huko ni muhimu kuliko ukubwa wa skrini. Televisheni nyingi huwa na mpangilio wa michezo unaopunguza usindikaji wa picha, na bila kuuwasha utabonyeza flipa wakati gololi imeshapita.

Simu

Simu sikuiweka katika mizani sawa, kwa sababu kidole kinachobonyeza kioo hakipati jibu la kitufe na mkono huficha sehemu ya meza. Hata hivyo, meza ya pinboli ni ndefu na nyembamba, na simu iliyosimama ina umbo hilohilo, jambo ambalo skrini ya kompyuta haina. Zen walitoa Zen Pinball World kwa simu mwishoni mwa mwaka 2024, na Visual Pinball katika miaka ya karibuni imepata toleo linaloendeshwa nje ya Windows, Android ikiwemo. Anayetaka kitu chepesi cha kuchezea akisubiri feri ya Likoni atosheke na PinOut ya mwaka 2016, kazi ya kampuni ya Mediocre ya Sweden, ambayo haina kabisa meza ya kawaida: gololi inapandishwa kwenye njia ndefu ya taa, flipa baada ya flipa, ukishindana na saa badala ya shimo.

Pa kuanzia

Mwenye laptopu ya kawaida na faili zake za XP aanze na Space Cadet, lakini aicheze kwa kufuata kazi na vyeo, flipa zikiwa kwenye herufi Z na kitufe cha mkwaju ulioinama. Akiona baada ya muda kwamba anaweza kuikamata gololi na kuituliza kila anapotaka, ameshaimaliza meza hiyo kwa maana ya ujuzi, hata kama hajafika kuwa amiri.

Mwenye kompyuta ya michezo au PlayStation nyumbani, na asiyetaka kushughulika na folda, achukue Pinball FX. Meza ya kwanza ya kununua, kwa maoni yangu, ni Medieval Madness, iliyobuniwa na Brian Eddy na kutolewa na Williams mwaka 1997. Sababu ni ya kifundi: shabaha yake kuu, ngome yenye daraja la kuinuka, iko katikati kabisa ya meza, kwa hiyo mchezaji mpya anaona mara moja anachotakiwa kukipiga, na anaadhibiwa mara moja pia, kwani gololi inayogonga lango lililofungwa hurudi moja kwa moja kuelekea pengo lililo kati ya flipa. Njia za kupanda ziko kulia na kushoto kwa ngome hiyo, na anayejifunza kuzipiga kwa kukamata kwanza, kulenga kisha, atakuwa amejifunza nusu ya mchezo huu.

Mwenye subira na Visual Pinball aitafute Attack from Mars, ya mbunifu huyohuyo, ya mwaka 1995. Mpango wake ni ule wa ngome, ila hapa katikati kuna kisahani cha angani. Akishaicheza na fizikia ya meza hiyo aliyoipata, afungue kihariri, apunguze nguvu ya flipa kidogo, acheze tena, na aone ni njia ipi ya kupanda inayomkataa kwanza.